Mashine ya kukaushia nguo: safisha chujio kila mara

MVUA za masika zinapoanza mwezi wa Machi hadi Mei, wakazi wa fleti za Hurlingham, Kilimani na Kileleshwa huwa na lalamiko moja: nguo hazikauki. Kamba za juu ya paa huloa pamoja na nguo zilizoanikwa, roshani nazo ni finyu, na sare ya mtoto iliyofuliwa Jumamosi huwa bado ina unyevu Jumatatu alfajiri. Julai na Agosti mvua huwa haba, lakini jua la Nairobi hujificha nyuma ya mawingu siku nenda siku rudi. Haishangazi basi kwamba mashine ya kukaushia nguo kwa stima, ambayo zamani ungeiona hotelini au katika chumba cha kufulia cha hospitali, sasa imeingia katika nyumba nyingi za mitaa hii.

Wiki hii ningependa tuzungumzie sehemu moja ndogo ya mashine hiyo, nayo ni chujio. Yaani ule wavu ulioko mlangoni au juu ya mashine ambao hunasa nyuzinyuzi laini zinazotoka kwenye nguo. Nyuzinyuzi hizo, msomaji, ni kuni. Usipoziondoa kila unapokausha nguo, huwa unarundika kuni kavu karibu na chuma kilichopashwa moto, halafu unafunga mlango na kwenda kulala.

Huenda ukauliza daktari ana shughuli gani na mashine ya nguo. Jibu ni kwamba majeraha ya moto na moshi ni kazi yetu ya kila siku. Watu wengi wanajua kuogopa jiko la makaa, stovu ya mafuta ya taa, mtungi wa gesi na hata pasi. Mashine ya kukaushia nguo haiogopwi kwa sababu hakuna mwali unaoonekana. Imekaa kimya pembeni mwa jikoni au katika kichumba cha kufulia, nyeupe na safi kama friji, ingawa ndani yake kuna joto kali.

Nyuzinyuzi zatoka wapi?

Nguo huchakaa kila inapofuliwa na kila inapovaliwa. Inapogeuzwa na kupigwa-pigwa ndani ya pipa la mashine, nyuzi zilizolegea hukatika na kuchukuliwa na upepo. Taulo mpya hutoa nyingi mno. Kadhalika blanketi, flana, soksi, na sweta za mtumba zilizokwisha fuliwa mara nyingi kabla hazijafika Gikomba au Toi. Leso nyembamba na shati la polista hutoa kidogo tu. Ukizitazama kwa makini nyuzinyuzi hizo utaona pia nywele, vumbi na vipande vidogo vya ngozi ya mwili. Yote hayo yamechanganyika yakawa kama pamba ya kijivu.

Pamba imeumbwa kwa kitu kile kile kilichomo katika mbao na karatasi, ambacho wanasayansi hukiita selulosi. Tofauti ni namna kilivyopangika. Chukua gogo la mti uliwekee kiberiti. Kijiti kitazima kabla gogo halijashika. Chukua vumbi la randa kutoka kwa seremala uliwekee kiberiti hicho hicho, na moto utapanda mara moja, kwa kuwa hewa imepenya kila mahali. Nyuzinyuzi za nguo ni nyepesi kuliko hata vumbi la randa. Huko Ulaya na Marekani watu wanaopenda kupiga kambi huzikusanya kutoka kwenye mashine zao na kuzibeba porini kwa ajili ya kuwashia moto. Kitu anachokibeba mpiga kambi kwa kusudi hilo sisi twakiacha ndani ya nyumba.

Jinsi joto linavyopanda

Kazi ya mashine ni rahisi kuielewa, na ukiielewa hutahitaji kukumbushwa kuhusu chujio. Feni huvuta hewa ya chumbani na kuipitisha kwenye koili ya kupasha joto. Hewa hiyo ya moto huingia ndani ya pipa linalozunguka, huchukua maji ya nguo kwa umbo la mvuke, hupita kwenye chujio na kuacha nyuzinyuzi pale, kisha hutoka. Katika mashine za aina moja, hewa hutolewa nje ya nyumba kwa bomba pana. Katika aina nyingine, ambazo ndizo hupendwa katika fleti zisizo na tundu ukutani, mvuke hupozwa ndani kwa ndani ukawa maji, na maji hayo hukusanywa katika chombo ambacho hutolewa na kumwagwa.

Sasa fikiria chujio limeziba. Feni inavuta lakini hewa haipiti inavyostahili. Koili inaendelea kutoa joto lile lile, wala hakuna upepo wa kutosha wa kulichukua. Joto hubakia pale pale na kupanda. Ni kweli kwamba mashine ina kidhibiti joto ambacho hukata stima likizidi, na nyingi zina pia fyuzi ya akiba. Lakini kidhibiti kilichotengenezwa ili kifanye kazi mara chache, kikilazimishwa kufanya kazi kila baada ya dakika chache, miezi na miaka, mwishowe huchoka. Wakati huo huo nyuzinyuzi zilizokosa nafasi kwenye chujio hupita pembeni na kutua ndani ya mashine, kwenye feni, kwenye nyaya, na karibu na ile koili.

Dalili za hali hiyo huonekana mapema. Nguo zilizokuwa zikikauka kwa saa moja sasa zinahitaji saa moja na nusu au mbili. Mwili wa mashine unakuwa moto hata huwezi kuuwekea kiganja. Nguo zinatoka zikiwa na joto lisilo la kawaida, au kuna harufu kama ya pasi iliyosahaulika juu ya shati. Bili ya stima pia itapanda, maana mashine moja ya nyumbani hutumia kati ya wati 2,000 na 3,000. Watu wengi wakiona dalili hizi huongeza muda wa kukausha, na huko ndiko kuharibu zaidi. Simamisha mashine, acha ipoe, tafuta mahali palipoziba.

Ukubwa wa tatizo

Marekani, ambako nyumba nyingi zina mashine hizi, idara ya serikali inayoshughulikia majanga ya moto ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 kulikuwa na moto 2,900 kila mwaka katika makazi ya watu ulioanzia kwenye mashine za kukaushia nguo. Kila mwaka watu 5 walikufa, 100 wakajeruhiwa, na mali ya dola milioni 35 ikateketea. Chanzo kilichoongoza, katika asilimia 34 ya visa hivyo, kilikuwa kutosafisha. Si stima mbovu, si mashine ya bei rahisi, bali kutosafisha.

Uingereza nayo ilipata somo jingine ambalo linatuhusu hapa Nairobi kuliko tunavyodhani. Mnamo Novemba 2015 kampuni ya Whirlpool ilitangaza kwamba mashine nyingi zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015 zilikuwa na kasoro: nyuzinyuzi zingeweza kufikia koili ya kupasha joto na kuwaka. Mashine hizo, zaidi ya milioni 5, zilikuwa zimeuzwa kwa chapa za Hotpoint, Indesit, Creda, Swan na Proline (nazungumzia chapa za mashine za huko, wala si duka lolote la hapa kwetu). Mwanzoni wenye mashine waliambiwa waendelee kuzitumia wakisubiri fundi, mradi wasiziache peke yake. Agosti 2016 moto ukazuka katika jumba la ghorofa liitwalo Shepherd's Court, mtaa wa Shepherd's Bush jijini London, ukianzia kwenye mashine ya Indesit katika fleti moja ya ghorofa ya 7. Wazima moto 120 walihitajika. Hakuna aliyekufa, lakini familia kadhaa zilipoteza makao. Mwaka 2017 ushauri ukabadilika: chomoa plagi, usitumie kabisa. Julai 2019 kampuni ikaanza kuzirudisha zile zilizokuwa bado hazijatengenezwa, ambazo zilikadiriwa kufikia 500,000.

Kwa nini naona jambo hili latuhusu? Kwa sababu vyombo vya stima vilivyotumika Uingereza huletwa kwetu ndani ya makontena na kuuzwa kwa bei nafuu, navyo vinapendwa kwa kuwa plagi yake na stima yake vinalingana na vyetu. Barua ya kuonya hufuata anwani ya mnunuzi wa kwanza, labda Birmingham au Leeds. Haimfuati mtu wa pili aliyeko Kilimani. Kama una mashine ya mtumba yenye mojawapo ya chapa nilizozitaja, fungua mlango utazame kibandiko chenye namba ya modeli na namba ya mashine, uziandike, na uulize kwa kampuni yenyewe kabla ya kuiwasha tena. Kama muuzaji amebandua kibandiko hicho, mimi nisingenunua.

Kusafisha kwenyewe

Chujio husafishwa kila baada ya kukausha, si mara moja kwa juma, si siku ya usafi mkubwa. Kila mara. Subiri mashine isimame yenyewe na ipoe kidogo. Vuta chujio, lifungue kama ni la kukunjuka, na kwa vidole vilivyoloweshwa kidogo zisukume nyuzinyuzi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Zitajiviringisha na kutoka kama kipande cha blanketi. Kazi yote haichukui dakika moja. Tazama pia ule mwanya ambamo chujio huingia, kwani kuna nyuzinyuzi huangukia humo. Usichokoe kwa kisu wala kwa uma. Wavu ukitoboka hata tundu dogo, nyuzinyuzi zitakuwa zikipita moja kwa moja hadi ndani. Chujio lililotoboka hubadilishwa, halishonwi. Nimewahi kuona lililozibwa kwa plasta ya kidonda, nami nikastaajabu mwenyewe alitarajia nini plasta hiyo ikipata joto.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Dawa za kulainisha na kunukisha nguo huacha utando mwembamba juu ya wavu. Utando huo hauonekani kwa macho, na chujio laonekana safi kabisa. Lipeleke chini ya mfereji umimine maji juu yake. Maji yakipita kama yanavyopita kwenye chungio la chai, hakuna neno. Yakituama juu yake, wavu umeziba. Lisugue kwa mswaki wa zamani, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha uliache likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Jipangie kufanya jaribio hili mara moja kwa mwezi.

Kama mashine yako hutoa hewa nje, fuata bomba lake mpaka mwisho. Tundu la nje hupendwa na ndege wa kujenga viota na hata panya, na kifuniko chake huweza kukwama. Washa mashine utoke nje uweke mkono pale. Ukose upepo ujue kuna kizuizi. Bomba lenyewe liwe la chuma, fupi na lililonyooka kadiri inavyowezekana. Yale ya plastiki yaliyojikunja kama mkonga wa tembo hukusanya nyuzinyuzi katika kila mkunjo, na moto ukitokea huyeyuka. Mara moja kwa mwaka bomba lichomolewe na kusafishwa lote. Kama mashine yako ni ya kupoza mvuke ndani kwa ndani, mwaga maji kila mara, na usafishe kile kipozeo kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza. Aina nyingine zina chujio la pili sehemu ya chini ambalo wenye mashine hukaa miaka bila kujua lipo.

Nyuma ya mashine na chini yake pia papigwe fagio. Chomoa plagi kwanza. Mwenye pumu nyumbani asipewe kazi hii, au ajifunge kitambaa puani na atumie kitambaa kibichi badala ya fagio kavu. Madaktari wa viwanda wanajua jinsi vumbi la pamba linavyobana vifua vya wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Kiasi cha nyumbani hakikaribii hicho, lakini kifua cha mwenye pumu hakihitaji kingi.

Nani aliyefundishwa?

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Katika nyumba nyingi za mitaa hii, aliyenunua mashine siye anayeitumia. Anayeitumia ni msaidizi wa nyumbani, au mama fua anayekuja mara mbili kwa juma. Nimemtibu katika kliniki yangu hapa Hurlingham mama fua mmoja, msichana wa miaka ya ishirini na kitu, aliyeungua mkono kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko. Alikuwa amesikia harufu ya kuungua, akafungua mlango wa mashine ili aokoe nguo za watu. Hewa ikaingia, na kitu kilichokuwa kikifuka moshi kikawa mwali. Nilipomuuliza kama chujio lilikuwa safi, aliniuliza, "Chujio ni gani, daktari?" Alikuwa ameonyeshwa kitufe cha kuwasha na kitufe cha kuzima, basi. Kitabu cha maelezo kilikuwa ndani ya droo, bado kimefungwa kwa karatasi yake ya nailoni.

Simlaumu hata chembe. Wala mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya; ndiye aliyemleta kliniki kwa gari lake na kulipa. Lakini kuonyesha vitufe si kufundisha. Mfundishe mtu chujio lilipo, mwache alitoe mwenyewe mbele yako, alisafishe, alirudishe. Mweleze ni kwa nini, kwa lugha anayoielewa vizuri, maana mtu aliyeambiwa tu "toa uchafu huo" huona ni jambo la urembo, na siku ya kazi nyingi ataliruka. Aliyeambiwa kwamba ni kuni hataliruka.

Liko pia jambo la hofu. Wapo waajiri ambao chombo kikiharibika humkata mfanyakazi mshahara. Matokeo yake ni kwamba mashine ikianza kunuka au kuchelewa kukausha, mfanyakazi hunyamaza, akihofia ataambiwa ndiye aliyeiharibu. Basi dalili zote nilizozitaja hapo juu hubaki kuwa siri yake na mashine. Mwambie waziwazi kwamba akinusa kitu, azime na akuite, na kwamba hatadaiwa hata senti. Ukiwa na mwenye nyumba wa kupanga na mashine ya pamoja katika fleti, keretekа wa jengo naye aulizwe ni nani husafisha bomba, na lini.

Stima ikipotea, na nguo zenye mafuta

Vitabu vya maelezo huandikwa kwa nchi ambako stima haipotei mara kwa mara. Mashine ikiwa nzima, dakika za mwisho za kazi yake huwa ni za kupoza: koili imezimwa, feni inaendelea kupuliza, nguo zinapungua joto. Stima ikikatika katikati, feni husimama ghafla na nguo hubaki zimerundikana ndani ya pipa zikiwa moto. Usiziache humo ukisema utaendelea stima ikirudi. Maadamu hakuna moshi wala harufu ya kuungua, fungua mlango, zitoe zote uzitandaze zipoe, na uzime swichi ya ukutani, kwani stima ikirudi huenda ikaja na nguvu nyingi. Fanya vivyo hivyo ukilazimika kusimamisha mashine kabla haijamaliza.

Taulo na vitambaa vilivyoshika mafuta vinahitaji onyo la pekee, na hili nawaambia hasa wenye saluni, wakandaji na wenye mikahawa. Mafuta ya mimea kama ya alizeti yakiwa kwenye kitambaa hujibizana polepole na hewa, na kujibizana huko hutoa joto. Kitambaa kikitandazwa, joto hupotea. Kikirundikwa na vingine vikiwa bado vina joto la mashine, joto hukaa katikati ya rundo, linaongezeka saa baada ya saa, na rundo huweza kuwaka lenyewe usiku bila mtu kulitia kiberiti. Kufua mara moja hakuondoi mafuta yote. Vitambaa hivyo vikaushwe kwenye kamba. Vilivyoshika petroli, mafuta ya taa au rangi visiingizwe katika mashine kamwe, hata vikiwa vimefuliwa.

Plagi ya mashine iingie moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye waya wa kuongezea unaotumiwa pia na mashine ya kufulia na friji. Ukiona plagi ina alama ya kahawia au ni moto ukiigusa, mwite fundi wa stima. Wala usiwashe mashine ukaenda kulala au ukatoka kwenda Yaya Centre kununua mkate. Najua wengi hukausha usiku kwa sababu ndio wakati wako nyumbani. Lakini moto wa saa tisa usiku hukuta watu wamelala, na moshi haumwamshi mtu, humzidishia usingizi.

Sina ugomvi na mashine hii. Heri mashine iliyosafishwa kuliko nguo za mtoto zilizotundikwa kuzunguka jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, kama baadhi ya watu wafanyavyo wakati wa baridi, kwani huko kuna hatari ya nguo kuangukia makaa na ya hewa ya sumu kwa pamoja.

Moto ukizuka

Ukiona moshi unatoka kwenye mashine, usifungue mlango wake. Zima stima kwenye swichi ya ukutani au kwenye mita kama waweza kufika bila kupita kwenye moshi. Usimwagie maji mashine ambayo bado ina stima. Watoe watu wote, funga mlango wa chumba hicho na mlango wa fleti nyuma yako, bisha kwa majirani, na mshuke kwa ngazi, si kwa lifti. Ukiwa nje ndipo upige 999 au 112. Nguo, televisheni na vyeti viache.

Nasisitiza kutoka kwa sababu katika moto wa nyumba moshi huua watu kuliko miali. Moshi una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Damu huendelea kuzunguka lakini haibebi tena hewa ambayo ubongo na moyo vinahitaji. Sufu, nailoni na magodoro ya sponji yakiungua hutoa pia sayanidi. Mtoto mchanga hupumua kwa haraka kuliko mtu mzima, hivyo hulewa moshi mapema. Kengele ya moshi ya kutundika darini, inayotumia betri, ingekuwa katika kila fleti kama ingekuwa amri yangu.

Aliyeungua, mwekee maji safi ya baridi ya kawaida, yasiyo ya barafu, yakitiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Hata kama saa moja au mbili zimepita, maji bado yanasaidia. Siku ambayo mifereji imekauka, tumia maji ya mtungi: keti na jagi na beseni, umwagie taratibu, uyakinge na uyatumie tena. Vua pete, bangili na saa mapema kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiibandue. Baada ya hapo funika kwa kitambaa safi au ile nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, bila kukaza. Dawa ya meno, siagi, ute wa yai, unga na majivu havitakiwi. Huzuia joto kutoka, na sisi hulazimika kuvikwangua kwenye ngozi mbichi huku mgonjwa akilia. Jeraha lolote linalozidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au lililo usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo, na kila jeraha la mtoto mdogo, lionwe na daktari siku hiyo hiyo. Hospitali Kuu ya Kenyatta, ambayo haiko mbali na hapa, ina kitengo cha majeruhi wa moto kwa walioumia zaidi.

Yule asiye na jeraha lakini aliyevuta moshi ndiye husahauliwa. Amesimama nje, anaongea, anasimulia majirani namna alivyotoka. Mtazame puani kama kuna masizi au nywele zilizoungua, mwambie ateme mate uone kama ni meusi, sikiliza kama sauti imeanza kukwaruza. Muulize kama kichwa kinamgonga, kama ana kizunguzungu au kichefuchefu. Koo lililoingiwa na hewa ya moto huvimba polepole, na huweza kuziba saa kadhaa baadaye akiwa kitandani. Mwenye dalili mojawapo kati ya hizo asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali yenye oksijeni usiku huo huo, angali anaongea.